Ua Linaloumbwa Ghalani

Katikati ya Mei mabasi ya watalii huondoka Lisse. Bustani ya Keukenhof hufunga milango, na mashamba yaliyokuwa na mistari mirefu ya rangi hubaki na majani yanayokauka. Mgeni akipita hapo wiki chache baadaye haoni kitu ila udongo wa kichanga. Kwa wengi, habari ya tulipu huwa imeishia hapo hadi mwakani. Kwa mkulima wa ukanda huu wa Uholanzi, ulio kati ya Haarlem na Leiden nyuma ya matuta ya mchanga wa pwani, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Kati ya Juni na Julai mashine hupita shambani zikichimbua matunguu, yale mafundo ya chini ya ardhi yenye umbo la kitunguu maji ambamo mmea umeweka akiba ya chakula chake. Yatakaa nje ya udongo miezi mitatu, minne, hata zaidi, mpaka yapandwe tena Oktoba na Novemba majani ya miti yakipukutika. Muda wote huo tunguu halina mzizi wala jani, na halinyweshwi hata tone la maji. Anayelishika mkononi hudhani limelala. Halijalala. Ua la tulipu litakalochanua Aprili linaumbwa katika miezi hiyo hiyo, gizani, ndani ya kreti la mbao, na mwenye ghala ndiye anayeamua kwa sehemu kubwa kama litatoka zima au halitatoka kabisa.

Vitabu vingi vya bustani hutumia kurasa nyingi kueleza namna ya kupanda na mistari miwili kueleza namna ya kuhifadhi. Ingefaa iwe kinyume. Kupanda tulipu ni kazi ya alasiri moja: shimo, tunguu, udongo. Kuhifadhi ndiko kulikowagharimu watu karne kadhaa za kujaribu na kukosea, kukawafanya wajenge maabara kwa ajili yake.

Kwanza, tunguu linalochimbuliwa Juni silo lililopandwa mwaka uliotangulia. Lile la zamani limekwisha. Lilitoa chakula chake chote kwa shina, majani na ua, likabaki ganda. Pembeni mwake, kati ya tabaka zake, yamekua mapya: moja kubwa na madogo kadhaa. Ndiyo maana mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei wakulima hupitisha mashine ya kukata vichwa vya maua yote shambani, jambo linalowahuzunisha watalii wanaolishuhudia. Ua likiachwa litengeneze mbegu, litakula chakula ambacho kingenenepesha tunguu jipya, na biashara yao ni tunguu.

Ukilikata tunguu hilo jipya kwa wembe siku linapotoka ardhini, katikati utakuta nukta ndogo ya ukuaji ambayo bado inaunda majani. Ua halipo. Julai ikisogea, kwenye joto la nyuzi 17 hadi 20 hivi za Selsiasi, nukta hiyo hubadili kazi. Huacha majani, hupanuka, kisha hutoa petali tatu za nje na tatu za ndani, halafu stameni (viungo vya kiume) tatu, halafu nyingine tatu, na mwisho pistili (kiungo cha kike) yenye pande tatu. Wataalamu wamezipa hatua hizi alama zake, na ya mwisho ni herufi G. Kila mwaka mkulima, au mshauri wake, huchukua matunguu machache kutoka kila fungu, huyakata na kuyafungua tabaka kwa tabaka chini ya lenzi akitafuta pistili hiyo. Ikionekana, ua limekamilika, ingawa halizidi milimita chache. Kabla ya hapo baridi ni marufuku, kwa kuwa tunguu likipozwa mapema ua huweza kutoka na kilema au kufa likingali ndani.

Mtu aliyeigeuza elimu hii kuwa sayansi ni Anton Blaauw, profesa wa Wageningen. Tangu miaka ya 1920 yeye na wenzake, wakiwemo wanabotania Ida Luyten na Annie Hartsema, waliweka matunguu katika vyumba vyenye viwango mbalimbali vya joto, wakayapasua wiki baada ya wiki na kuchora kila walichokiona ndani. Kazi hiyo ilidai uvumilivu usio wa kawaida. Walionyesha kwamba kila jamii ina ratiba yake. Hayasinti, ua jingine la matunguu, nayo huumba ua baada ya kuchimbuliwa, lakini hupendelea joto la nyuzi 25 na nusu hivi, ambalo mwenye tulipu angeliona kali. Narsisi haisubiri ghala: ua lake la mwakani huanza kuumbwa likiwa bado ardhini, kabla majani ya mwaka huu hayajakauka. Mwenye kuyarundika yote matatu katika chumba kimoja na kuyapa joto moja basi anayatendea vibaya angalau mawili.

Hata kabla ya Blaauw, wenye mikono mizoefu walikuwa wamegundua sehemu ya jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nicolaas Dames wa Lisse alipata njia ya kuyatayarisha matunguu ya hayasinti kwa kuyachimbua mapema na kuyapangia joto ghalani, yakachanua ndani ya nyumba wakati wa Krismasi badala ya kungoja baridi iishe. Hayasinti za chungu zinazojaza maduka ya Ulaya kila Desemba zimetokana na ugunduzi huo.

Kwa nini mmea uwe na masharti magumu kiasi hiki? Jibu liko mbali na Uholanzi, kwenye miteremko ya milima ya Tian Shan na Pamir huko Asia ya Kati, ambako tulipu za mwituni ni nyingi kuliko mahali pengine popote. Kule kiangazi ni kikavu na cha moto, majira ya baridi ni marefu na ya theluji, na kati yake kuna wiki chache tu zenye maji na jua la wastani. Mmea uliojifunza kuishi hapo huchanua upesi theluji ikiyeyuka, hujaza akiba, kisha hujifungia chini ya ardhi kabla ukame haujaukamata. Joto la kiangazi ndilo linaloupa ishara ya kuumba ua. Baridi ndefu inayofuata ndiyo inayoliruhusu shina kurefuka. Tunguu lisilopata majuma 12 au zaidi ya baridi hutoa shina fupi lenye ua lililokwama kati ya majani. Ghala la Lisse linafanya kazi ya kiangazi cha Tian Shan katika nchi ambayo Julai huweza kunyesha mvua wiki nzima.

Mvua hiyo ndiyo hatari ya kwanza. Matunguu yakitoka shambani huoshwa udongo, kisha ni lazima yakaushwe ndani ya saa 24 hivi kwa upepo mkali wenye joto. Yakichelewa, kuvu aitwaye Fusarium hupata nafasi. Huyu hukaa udongoni, huingia kupitia ganda lililopasuka au jeraha la mashine, na hupenda joto, yaani joto lile lile ambalo ua linalihitaji. Tunguu lililoshambuliwa hulainika kuanzia kitako, hubadilika rangi na kutoa harufu ya uchachu. Wafanyakazi wa Kiholanzi huyaita matunguu ya namna hiyo machachu.

Lingekuwa linaoza peke yake, hasara ingekuwa ya tunguu moja. Lakini tunguu chachu hutoa gesi ya ethilini kwa wingi, na gesi hiyo haina mpaka. Hupenya kwenye kreti lote na kufikia matunguu mazima, ambayo kwa nje hayaonyeshi dalili yoyote. Ndani, lile ua la milimita chache hukauka. Mnunuzi atayapokea yakiwa magumu, mazito, yenye ganda la kahawia linalong'aa. Atayapanda kwa uangalifu, na mwezi wa Aprili atapata majani matupu. Mara nyingi hulaumu udongo wake, au mvua, au panya, na kumbe jambo lilikwisha Agosti.

Ethilini si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata kama jina ni geni. Anayevundika ndizi kwa kuzifunika pamoja na tunda bivu, au kwa kuzipitishia moshi, anaitumia gesi hiyo hiyo: tunda bivu huitoa, moshi unayo, na ndizi mbichi huipokea kama amri ya kuiva. Kwa tulipu, amri hiyo ni kifo cha ua. Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Wakulima wa Uholanzi hulenga kisizidi sehemu 1 katika milioni 10 za hewa. Hakuna pua ya binadamu inayoweza kuinusa hapo.

Ajabu ni kwamba kwa ndugu wengine wa ghala gesi hii ni neema. Katika Visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakulima wa narsisi za kundi la Tazetta waligundua kwamba mashamba yaliyochomewa nyasi juu yake yalitoa maua mapema zaidi. Moshi ndio uliokuwa ukifanya kazi, kwa sababu ya ethilini iliyomo, na baadaye wakawa wanaufukiza chini ya karatasi za plastiki zilizotandazwa shambani. Kwa hiyo anayesema kwamba matunguu ni matunguu na yote yahifadhiwe kwa namna moja, aende akawaulize watu wa Scilly.

Dawa ya ethilini katika ghala la tulipu ni hewa. Kwa miaka mingi kanuni ya Waholanzi ilikuwa kupitisha mita za ujazo 100 za hewa kila saa kwa kila mita moja ya ujazo ya matunguu. Makreti hupangwa juu kwa juu mbele ya ukuta wenye matundu, na feni kubwa husukuma hewa kupitia kila kreti. Kanuni hiyo iliokoa maua mengi, lakini ilikula nishati nyingi mno, maana hewa ya nje inayoingizwa usiku inabidi ipashwe moto hadi nyuzi 20, kisha itolewe nje na kubadilishwa. Vipimo vya kutambua ethilini vilipoingia maghalani, mkulima aliweza kupunguza feni gesi ikiwa kidogo na kuziongeza ikipanda. Ni maendeleo yasiyopigiwa picha na mtalii yeyote, nayo yamepunguza gharama na moshi kuliko mengi yanayotangazwa kwa kelele.

Kabla ya feni kulikuwa na milango. Maghala ya zamani ya ukanda huo, ambayo baadhi bado yamesimama, yana milango mingi kila upande na kila ghorofa, na mwenye ghala aliifungua na kuifunga kufuatana na upepo na unyevu. Ndani, matunguu yalitandazwa kwenye rafu na trei kwa unene mdogo. Kazi ya kuyamenya, yaani kuondoa ganda kuukuu na mabaki ya mizizi na kutenganisha madogo na makubwa, ilifanywa kwa mkono, na vizazi vya wanafunzi wa vijiji hivyo vilitumia likizo zao kwenye meza za kumenyea. Wengi walivimba na kupasuka ngozi ya vidole, kwa kuwa tunguu la tulipu lina kemikali inayowasha. Leo mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi, na waliobaki mezani mara nyingi ni wafanyakazi wa msimu kutoka Ulaya ya Mashariki. Machekeche hupanga matunguu kwa mzingo: yenye sentimita 12 na zaidi huuzwa kwa bei nzuri, madogo hurudishwa shambani kukua mwaka mwingine.

Ratiba hiyo ya kuchimbua na kupanda imewahi kutikisa hata historia ya fedha. Katika miaka ya 1630 bei za tulipu adimu zilipanda Uholanzi hadi kushinda bei za nyumba, na wachumi wamelisimulia jambo hilo mara nyingi bila kutaja ghala. Ukweli ni kwamba tunguu liliweza kushikwa, kupimwa na kukabidhiwa kwa mnunuzi tu katika miezi ya kiangazi, kati ya kuchimbuliwa na kupandwa. Miezi mingine yote lilikuwa ardhini, na kilichouzwa kilikuwa karatasi: ahadi ya tunguu lenye uzito fulani lilipopandwa, uzito uliohesabiwa kwa kipimo kidogo sana, karibu sehemu ya 20 ya gramu. Tarehe 5 Februari 1637 huko Alkmaar, matunguu ya marehemu Wouter Winkel yalinadiwa kwa faida ya watoto wake yatima, yakaleta karibu gilda 90,000. Wakati huo huo, jijini Haarlem, wanunuzi walikuwa wameanza kukataa kuongeza bei, na baada ya siku chache soko zima lilisimama. Yote hayo yalitokea katikati ya baridi, matunguu yakiwa chini ya udongo ambako hakuna aliyeweza kuyaona. Mwanahistoria Anne Goldgar, aliyepekua nyaraka za miji hiyo, hakukuta maelfu ya watu waliofilisika kama inavyosimuliwa. Alikuta zaidi watu waliovunjiana ahadi na kupoteza uaminifu.

Tulipu zilizopendwa kuliko zote wakati ule zilikuwa zenye miali ya rangi mbili kwenye petali, na hapo napo ghala lilikuwa na siri yake. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa taasisi ya John Innes nchini Uingereza, alionyesha kwamba miali ile ni ugonjwa: aliunganisha vipande vya matunguu yenye miali na vya matunguu ya rangi moja, na miali ikahamia. Ugonjwa huo ni wa virusi vinavyosambazwa na vidukari, na aina mojawapo ya vidukari huishi chini ya ganda la matunguu yaliyohifadhiwa. Tunguu zima likiwekwa kiangazi kizima jirani na gonjwa, lingeweza kupandwa likiwa limeambukizwa. Wenye bustani wa karne ya 17 walitafuta miali kwa kubadili udongo na kunyunyiza rangi. Hawakuwaza kutazama rafuni.

Tunguu halina njia ya mkato ya kutunzwa milele. Mbegu ya mahindi ya asili inaweza kugandishwa kwenye hifadhi kwa miongo, lakini tulipu yenye jina lake ni nakala ya mmea mmoja, na mbegu yake haitoi mmea ule ule. Njia ni moja: kuipanda, kuichimbua na kuihifadhi kila mwaka bila kuruka. Huko Limmen, kaskazini mwa Haarlem, bustani ya Hortus Bulborum inafanya hivyo kwa aina zaidi ya 4,000 za maua ya matunguu, ikiwemo Duc van Tol nyekundu na njano inayotajwa tangu 1595. Kila kiangazi kila aina huchimbuliwa peke yake, hukaushwa peke yake na kuwekwa kwenye trei yenye kibandiko chake. Kibandiko kikipotea, jina la miaka 400 limepotea nacho. Kazi hii inastahili heshima ileile inayopewa maktaba za miswada ya kale.

Kuna msimu mmoja ambao matunguu ya ghalani yaliokoa maisha. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikatiwa chakula na jeshi la Ujerumani, na watu wapatao 20,000 walikufa. Masoko ya nje yalikuwa yamefungwa na vita, kwa hiyo wakulima walikuwa na shehena za tulipu zisizo na mnunuzi. Zikaliwa. Wataalamu wa lishe walitoa maelekezo: menya, pasua, ondoa kiini cha njano cha katikati kwa kuwa kina sumu, kisha chemsha au saga unga. Onyo lilikuwa kwamba narsisi isiguswe, maana ni sumu. Haikuwa mara ya kwanza kwa tulipu kufika mezani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1562 mfanyabiashara wa vitambaa wa Antwerp alikuta matunguu ndani ya mzigo kutoka Constantinople, akadhani ni vitunguu, akayachoma na kuyala kwa mafuta na siki. Yaliyosalia aliyatupia bustani ya kabeji, na baadhi yakachanua.

Uholanzi ilipokombolewa, mwaka huo huo wa 1945, Binti Mfalme Juliana alituma matunguu 100,000 ya tulipu kwenda Ottawa kuishukuru Kanada iliyompa hifadhi wakati wa vita, na ambako bintiye Margriet alizaliwa mwaka 1943. Zawadi hiyo haijakoma. Kila mwaka matunguu 20,000 huvuka bahari katika majira ya majani kupukutika. Kuyafikisha yakiwa hai kunahitaji ghala linalosafiri: kontena lenye joto lililodhibitiwa na hewa inayoingia na kutoka njia nzima.

Kwa narsisi, ghala lilikuja kuwa hospitali. Mwanzoni mwa karne ya 20 minyoo midogo isiyoonekana kwa macho iliteketeza mashamba ya Uingereza hadi wakulima wakakata tamaa. James Ramsbottom, kijana aliyefanya kazi Wisley kwenye bustani ya Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani, alionyesha mwaka 1917 kwamba matunguu yakilowekwa kwa muda wa saa tatu kwenye maji ya nyuzi 43 hivi, minyoo hufa na tunguu hubaki hai. Pengo kati ya joto linaloua mnyoo na linaloua tunguu ni jembamba sana, na kazi hiyo hufanywa kiangazi, baada ya kuchimbua. Njia yake inatumika hadi leo.

Siku hizi ghala limekwenda mbali kuliko Tian Shan. Matunguu yaliyofika hatua G huingizwa kwenye vyumba vya baridi, nyuzi 9 au 5, wakati nje bado ni kiangazi, kisha hupelekwa kwenye vitalu vyenye paa la kioo na kuchanua kabla ya majira yake. Mengine hupandwa kwenye makreti na kugandishwa chini kidogo ya sifuri, yakatoa maua miezi ambayo tulipu haijawahi kuijua porini. Ndiyo sababu mwezi wa Januari, katika mnada wa Aalsmeer, tulipu za Uholanzi huuzwa pamoja na waridi zilizoruka kwa ndege kutoka Naivasha, na mkulima wa Kenya hushindana na tunguu lililodanganywa kuhusu kalenda.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, udongo haupati baridi inayotakiwa, na tulipu huko itabaki ua la kununua. Nairobi au Arusha inawezekana kwa kuyaweka matunguu kwenye friji kwa miezi mitatu hivi, kwa ua moja tu, kisha tunguu hutupwa. Ni afadhali kuthamini tunguu la kwetu, Scadoxus multiflorus, linalopumzika wakati wa ukame na kusukuma tufe la maua mekundu mvua zinapoanza. Halihitaji feni wala barafu.

Msomaji aliyeko London, Oslo, Toronto au Minneapolis, anayeyakuta matunguu dukani mwezi wa Septemba, ayanunue mapema kabla hayajapondwapondwa na mikono ya wateja. Achague magumu na mazito kwa ukubwa wake. Ukungu wa kijani kibichi juu ya ganda si hoja kama tunguu ni gumu, ila kitako laini au harufu ya uchachu ni sababu ya kuliacha. Akifika nyumbani ayatoe kwenye mfuko wa plastiki, ayatandaze kwenye trei au ayaweke kwenye mfuko wa karatasi ulio wazi, mahali pakavu penye hewa na kivuli, si karibu na hita. Kwenye friji pamoja na tofaa na ndizi yasiwekwe kamwe. Matunguu yasiyo na ganda kavu, kama ya yungiyungi, hukauka upesi, kwa hiyo hayo yafunikwe kwa mboji au maranda yenye unyevu kidogo, au yapandwe siku hiyo hiyo. Narsisi ipandwe mapema, Septemba au Oktoba. Tulipu ingoje mpaka udongo upoe vizuri, mara nyingi Novemba, kwa sababu kuvu wake hulegea kwenye baridi. Shimo liwe la sentimita 15 hivi, ncha ikitazama juu. Na aliyesahau akayakuta kabatini Desemba, ayapande hata hivyo maadamu udongo haujaganda. Tunguu la tulipu haliwekwi mpaka mwaka unaofuata.